Kipepeo wa mlimau

Kipepeo wa mlimau (jina la kisayansi: Papilio demodocus) ni kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Yumo katika familia Papilionidae ya oda Lepidoptera. Anaishi karibu kila mahali katika Afrika kusini mwa Sahara, na nchini Tanzania huonekana kuanzia pwani hadi Kanda ya Ziwa. Mjini Mwanza na kandokando ya Ziwa Viktoria ni miongoni mwa vipepeo wakubwa wanaoonekana kwa urahisi zaidi, iwe kwenye vichaka vya milima ya mawe, pembezoni mwa misitu au uani penye mti wa limau.

Watu wengi wanamjua mdudu huyu mara mbili bila kutambua kuwa ni mmoja. Wanampenda akiwa kipepeo, na wanamponda akiwa kiwavi kwenye mche wa mchungwa. Makala hii inaeleza namna ya kumtambua katika kila hatua ya maisha yake, mahali anapopata chakula, na lini mkulima ana sababu ya kumwogopa.

## Jina na uainishaji

Spishi hii ilipewa jina la kisayansi na mtaalamu Mjerumani Eugenius Johann Christoph Esper mwishoni mwa karne ya 18. Demodocus ni jina la mwimbaji kipofu katika utenzi wa Kigiriki wa Odisei. Wataalamu wa zamani walikuwa na desturi ya kuwapa vipepeo wa jenasi Papilio majina kutoka hadithi za Wagiriki wa kale.

Huko Asia yuko ndugu yake wa karibu, Papilio demoleus, anayefanana naye sana na ambaye kiwavi wake pia hula majani ya michungwa. Baadhi ya vitabu vya zamani viliwaita wote wawili demoleus. Siku hizi wanahesabiwa kuwa spishi mbili, na yule wa Tanzania bara na visiwani ni demodocus.

Vipepeo wengi wa familia Papilionidae wana mkia mfupi kwenye kila bawa la nyuma. Kipepeo wa mlimau hana mkia. Bawa lake la nyuma lina ukingo wenye mawimbi tu, na hiyo ni alama ya kwanza ya kukumbuka.

## Jinsi ya kumtambua kipepeo kamili

Mabawa yakitandazwa, upana wake ni takriban sentimita 10 hadi 13, yaani karibu sawa na kiganja cha mtu mzima. Jike kwa kawaida ni mkubwa kuliko dume na tumbo lake ni nene zaidi, lakini rangi zao hazitofautiani sana. Alama za kutazama ni hizi:

* Mabawa ni meusi au ya kahawia nzito, yenye madoa mengi ya manjano hafifu.
* Madoa yaliyo katikati ya mabawa huungana na kufanya mkanda unaokatiza bawa la nyuma na kuendelea kwenye bawa la mbele ukiwa umekatikakatika.
* Kila bawa la nyuma lina madoa mawili yanayofanana na macho. Moja liko ukingo wa mbele, na la pili liko pembe ya ndani karibu na tumbo. Hili la pili lina rangi nyekundu na buluu.
* Upande wa chini wa mabawa una manjano mengi zaidi kuliko upande wa juu.
* Akinyonya ua hatulii. Mabawa ya mbele huendelea kupigapiga muda wote.

Rangi hizi zote zimo katika vigamba vidogo mno vilivyopangwa kama vigae vya paa. Ukimshika kipepeo, vigamba hubaki vidoleni kama unga. Jina la oda, Lepidoptera, linatokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya “mabawa ya magamba”.

### Vipepeo wanaoweza kuchanganywa naye

Papilio nireus ni mweusi vilevile, na kiwavi wake pia hula majani ya michungwa, lakini mabawa yake yana mkanda mmoja wa buluu-kijani inayong'aa badala ya madoa ya manjano.

Papilio dardanus ni kipepeo wa msituni. Dume ni wa manjano hafifu mwenye pindo nyeusi na mikia miwili. Majike wa bara la Afrika kwa kawaida hawana mikia, na wana sura nyingi tofauti zinazoiga vipepeo wengine ambao ndege hawawapendi kwa sababu ya sumu yao. Tofauti ni kubwa kiasi kwamba zamani dume na majike walidhaniwa kuwa spishi mbalimbali, mpaka Roland Trimen wa Afrika Kusini alipoeleza mwaka 1869 kuwa ni spishi moja.

Danaus chrysippus, ambaye huonekana sana mashambani na kando ya njia, ni wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi za mabawa zenye madoa meupe. Huyu huruka taratibu bila wasiwasi, kwani ana sumu mwilini. Kipepeo wa mlimau hana kinga hiyo, kwa hiyo huruka kwa kasi na kwa kuyumba.

## Mzunguko wa maisha

Kipepeo wa mlimau hupitia hatua nne: yai, kiwavi, pupa na kipepeo kamili. Mabadiliko ya namna hii huitwa metamofosisi kamili, kwa sababu mtoto hafanani hata kidogo na mzazi. Panzi ni tofauti: mtoto wake ana umbo la panzi tangu siku ya kwanza, ila hana mabawa. Kutoka yai hadi kipepeo huchukua takriban wiki sita hadi nane. Mahali penye joto muda hupungua, na penye baridi huongezeka. Kwa mwaka mmoja huweza kupatikana vizazi vitatu au zaidi.

### Yai

Jike hutaga yai mojamoja, mara nyingi kwenye jani changa au ncha ya tawi. Kabla ya kutaga huligusa jani kwa miguu yake ya mbele. Miguu hiyo ina viungo vya kuonjea, na kwa njia hiyo jike hutambua kama mmea ni wa aina inayomfaa mtoto wake. Yai ni la mviringo, lenye ukubwa wa zaidi kidogo ya milimita moja, na rangi yake mwanzoni ni manjano hafifu. Kadiri kiwavi anavyokua ndani, yai hugeuka kuwa jeusi-jeusi. Huanguliwa baada ya siku nne hadi saba.

Kutaga mojamoja kuna faida. Adui akiliona yai moja, mengine yako mbali. Tena viwavi hawagombanii chakula kwenye jani moja.

### Kiwavi

Kiwavi hupita vipindi vitano. Ngozi yake haikui pamoja na mwili, kwa hiyo mwisho wa kila kipindi hujivua ngozi ya zamani na kubaki na mpya iliyo pana zaidi. Katika vipindi hivi rangi yake hubadilika kabisa, na hapa ndipo watu wengi hudhani kuwa wameona wadudu wawili.

Katika vipindi vinne vya kwanza kiwavi ni wa kahawia au mweusi, mwenye mabaka meupe na manjano na vijinundu vidogovidogo. Hukaa wazi juu ya jani bila kujificha, na hana haja ya kujificha, kwa sababu anafanana na kinyesi cha ndege. Ndege anayetafuta chakula humpita.

Katika kipindi cha tano kiwavi amekuwa mkubwa mno kwa hila hiyo. Anageuka kuwa wa kijani, mwenye mabaka ya kahawia, meupe au zambarau ubavuni, na urefu wake hufikia sentimita nne na nusu hivi. Sasa anafanana na majani yenyewe. Nyuma ya kichwa mwili wake umevimba, na pana madoa mawili yanayofanana na macho. Macho halisi ya kiwavi ni madogo sana na yako chini, kwenye kichwa chenyewe.

Akiguswa, kiwavi huinua sehemu ya mbele ya mwili na kutoa nje kiungo laini chenye ncha mbili kama uma, cha rangi ya chungwa au nyekundu. Pamoja nacho hutoka harufu kali. Kwa kiwavi mkubwa harufu hiyo hutokana hasa na asidi, nayo huwafukuza sisimizi na wadudu wengine wadogo. Kwa binadamu haina madhara. Kiwavi huyu hana manyoya ya kuwasha kama viwavi wengine, hang'ati wala haumi kwa mwiba. Akiachwa kwa dakika chache, kiungo hicho hurudi ndani.

Hatua ya kiwavi huchukua takriban wiki nne. Sehemu kubwa ya majani yote anayokula maishani huliwa katika kipindi cha tano, jambo ambalo mkulima anapaswa kulikumbuka.

### Pupa

Kiwavi aliyekomaa huacha kula na kutembea kutafuta mahali pa kutulia: kijiti, shina, au hata ukuta ulio karibu. Hufuma kifundo cha hariri na kushikilia hapo kwa ncha ya mkia, kisha hujizungushia uzi mmoja wa hariri kifuani kama mkwezi anavyojifunga kamba juu ya mnazi. Hujivua ngozi kwa mara ya mwisho, na kinachobaki ni pupa. Wengine huiita hatua hii bundo. Neno pupa hapa halihusiani na kufanya jambo kwa pupa, maana mdudu huyu kwa nje hafanyi lolote kwa wiki mbili hadi tatu.

Pupa huweza kuwa ya kijani au ya kahawia. Iliyo kati ya majani kwa kawaida huwa kijani, na iliyo juu ya gome au kijiti kikavu huwa kahawia. Ikiisha kupata rangi moja haigeuki tena.

Ndani ya ganda viungo vingi vya kiwavi huyeyuka. Vikundi vidogo vya seli vilivyokuwa vimelala mwilini tangu alipokuwa kiwavi ndivyo vinavyokua na kuwa mabawa, miguu mirefu, vipapasio na mrija wa kunyonyea. Siku moja au mbili kabla ya kutoka, ganda hupenyeza nuru na madoa ya manjano ya mabawa huonekana kwa nje.

### Kipepeo kamili

Kipepeo hupasua ganda na kutoka akiwa na mabawa madogo yaliyojikunja kama kitambaa kilichoshikwa mkononi. Hupanda juu, hujining'iniza, na kusukuma damu yake ndani ya mishipa ya mabawa mpaka yanyooke. Kisha husubiri yakauke, jambo linaloweza kuchukua saa moja au zaidi. Wakati huo hudondosha matone ya majimaji ya rangi. Siyo damu ya jeraha, bali ni taka zilizokusanyika wakati alipokuwa pupa.

Kipepeo hana meno. Hunyonya mbochi, yaani maji matamu ya maua, kwa mrija unaojikunja kama koili chini ya kichwa. Madume hupenda pia kunyonya maji kwenye matope na mchanga wenye unyevu. Kando ya ziwa, na kwenye madimbwi baada ya mvua, huweza kuonekana wametua mahali ambapo hakuna ua hata moja. Wanachotafuta hapo ni chumvi, ambayo mbochi huwa na kiasi kidogo sana.

## Mimea ya kiwavi

Kiwavi hula hasa mimea ya familia Rutaceae. Kwa watu wengi familia hii ni mlimau, mndimu, mchungwa, mchenza, mdanzi na mbalungi. Lakini miti hiyo yote asili yake ni Asia, na ililetwa Afrika ya Mashariki na watu waliosafiri katika Bahari ya Hindi. Kipepeo wa mlimau alikuwepo kabla yake. Chakula chake cha asili ni miti na vichaka vya Kiafrika vya familia hiyohiyo, kama vile Clausena anisata, Vepris na Zanthoxylum. Mjafari (Zanthoxylum chalybeum), mti wenye miiba ambao hutumika katika dawa za kienyeji, ni wa jenasi hiyo ya mwisho.

Kwa hiyo kipepeo hakuivamia michungwa kutoka mbali. Michungwa ndiyo iliyopandwa katika nchi yake, na jike alipoionja kwa miguu aliikuta ina ladha anayoijua. Mahali ambapo vichaka vya asili vimekatwa, uani na bustanini ndipo anapopata chakula kilichobaki.

Mwanafunzi anaweza kuitambua mimea mingi ya familia hii bila darubini. Chuma jani, lielekeze kwenye jua, nalo litaonyesha vitone vidogo vinavyopitisha mwanga. Hivyo ni vifuko vya mafuta. Likipondwa, jani hutoa harufu kali inayokumbusha ndimu.

Katika eneo la Rasi nchini Afrika Kusini baadhi ya viwavi wa spishi hii hula mimea ya familia ya karoti na bizari. Mwaka 1963 C. A. Clarke, C. G. C. Dickson na P. M. Sheppard walichapisha utafiti kuhusu viwavi hao, ambao mabaka yao ni tofauti na ya wale wa michungwa. Walionyesha kuwa tofauti hiyo hurithiwa.

## Maadui

Kati ya mayai mengi anayotaga jike mmoja, machache tu hufikia kuwa vipepeo. Nyigu wadogo mno hutaga ndani ya mayai yenyewe. Nyigu wengine na nzi fulani hutaga katika kiwavi au pupa, na watoto wao humla mwenyeji kutoka ndani. Pupa yenye tundu dogo la mviringo kwa kawaida ni ile ambayo nyigu wametoka badala ya kipepeo. Ndege, vinyonga, mijusi, buibui na vivunjajungu hula viwavi na vipepeo. Sisimizi maji moto, ambao hushona majani kuwa viota mitini, nao huwinda viwavi.

Maadui hawa ndio wanaozuia viwavi wasizidi kiasi. Hawaonekani kwa urahisi, lakini kazi yao ni kubwa kuliko ya dawa.

## Kiwavi na wakulima

Katika mkoa wa Mwanza michungwa na milimau hupandwa mashambani na uani, pamoja na visiwani Ukerewe. Madhara ya kiwavi yanategemea umri wa mti.

Mti mkubwa una maelfu ya majani. Viwavi kumi au ishirini hawaupunguzii mavuno kwa kiasi cha kuonekana, na hakuna haja ya kuwaua. Mche wa kitaluni au uliopandwa karibuni ni jambo jingine. Una majani machache, nayo ni machanga, yaani yale hasa anayoyapenda jike. Viwavi wawili au watatu wa kipindi cha tano wanaweza kuumaliza kwa siku chache, na mche ulionyonyolewa mara kwa mara hudumaa au hufa. Kwa familia iliyonunua miche kumi, hiyo ni hasara ya kweli.

Njia nafuu ni kukagua miche mara mbili kwa wiki, hasa inapochipua baada ya mvua. Mayai ya manjano na viwavi wadogo wanaofanana na kinyesi cha ndege huondolewa kwa mkono kabla hawajafikia rangi ya kijani. Anayemsubiri mpaka awe mkubwa na aonekane vizuri amechelewa, kwa sababu majani yameshaliwa. Badala ya kuuawa, viwavi wanaweza kuhamishiwa kwenye mti mkubwa ulio karibu. Kitalu kinaweza pia kufunikwa kwa chandarua chenye matundu madogo.

Ikiwa viwavi ni wengi mno, dawa zitokanazo na mwarobaini au na bakteria Bacillus thuringiensis hufaa kuliko sumu kali zinazoua kila mdudu. Sumu hizo huua pia nyigu, maji moto na nyuki. Viwavi wa kizazi kinachofuata huja na kukuta maadui wao hawapo, na mkulima hulazimika kupuliza tena. Isitoshe, limau na chungwa la uani mara nyingi huchumwa na watoto na kuliwa palepale bila kuoshwa.

## Kumlea kwa ajili ya masomo

Spishi hii inafaa sana kwa somo la mzunguko wa maisha, kwa sababu ni mkubwa, haumi, na chakula chake kinapatikana karibu na shule nyingi. Vifaa vinavyohitajika ni chupa pana au sanduku lililofunikwa kwa chandarua, tawi la mlimau lililotiwa katika kichupa cha maji, na daftari. Mdomo wa kichupa uzibwe kwa pamba ili kiwavi asitumbukie.

Majani yabadilishwe kila siku na kinyesi kiondolewe, maana unyevu mwingi huleta ukungu. Yasitumike majani ya mti uliopulizwa dawa. Wanafunzi wapime urefu wa kiwavi kila siku, waandike tarehe ya kila kujivua ngozi, na kuhesabu majani yaliyoliwa katika kila kipindi. Takwimu zao wenyewe zitawaonyesha jinsi kipindi cha tano kinavyozidi vyote. Kiwavi anapoacha kula na kuanza kutangatanga, awekewe vijiti vilivyosimama.

Pupa isiguswe, na kipepeo anayetoka asisaidiwe kupasua ganda. Awe na nafasi ya kujining'iniza, kwa kuwa asiyeweza kunyoosha mabawa yakiwa bado laini hataruka kamwe. Yakishakauka aachiliwe nje, karibu na maua. Ikiwa badala yake watatoka nyigu wadogo, somo halijaharibika. Darasa litakuwa limeona namna idadi ya viwavi inavyopunguzwa bila mkono wa binadamu.